Harusi, mtoto wa miaka sita na nywele za pembeni zinazopungua: asukwe nini?

"Shikamoo dada. Nina mabinti wawili, mkubwa ana miaka sita, mdogo hajatimiza miwili. Mwezi ujao mdogo wangu anaolewa, na huyu mkubwa ndiye atakayetangulia na maua mbele ya bibi harusi. Nataka asukwe kitu cha kupendeza na cha tofauti, maana kila siku kwake ni twende kilioni. Shida ni kwamba akisukwa rasta analia mwanzo hadi mwisho, na nimeona nywele za pembeni, juu ya masikio, zimeanza kuwa chache. Nywele zake ni kipilipili, ukizinyoosha zinafika urefu wa kidole changu cha kati. Shule inaruhusu kusuka, ila njia za kurudi nyuma tu na bila rasta. Harusi ni Jumamosi, Jumatatu anaingia darasani. Halafu mdogo akimwona dada yake kasukwa naye analilia. Nifanyeje? Mama wa wawili, Tabata."

Marahaba mdogo wangu, na hongereni kwa harusi.

Nianze na hizo nywele za juu ya masikio, kwa sababu ndizo zitakazoamua mengine yote. Mtoto anayelia tangu anakaa mpaka anainuka, na ambaye nywele za pembeni zinapungua, anavutwa kupita kiasi. Nywele za panja ni nyembamba kuliko za utosini, na msusi anapoanza njia huanzia hapo hapo, tena kwa nguvu ili njia ishike. Zikivutwa wiki hadi wiki, kwanza hutoka vipele vidogo kwenye mashina, kisha nywele hukatika na kuwa haba. Katika hatua hiyo ukiacha kuzivuta zinarudi. Zikiendelea kuvutwa kwa miaka, shina huacha kovu, na kwenye kovu nywele haioti tena hata upake mafuta ya aina gani.

Mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 1,042 wa Cape Town. Kati ya kila wasichana 100, wapatao 17 walikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Kwa wa miaka 6 na 7 walikuwa karibu 9 katika 100. Kwa wa miaka 17 hadi 21 walikaribia 22. Binti yako yuko pale mwanzoni, na hiyo ni habari njema, maana bado mapema. Kwa hiyo nakuwekea masharti mawili: harusi hii hasukwi rasta, na hakuna njia itakayoanzia kwenye nywele za panja.

Kuhusu rasta niseme yote kwa pamoja tuyamalize. Rasta ni uzito unaoning'inia kwenye nywele za mtoto mchana na usiku. Kwa nywele za urefu wa kidole, fundo la kuanzia linabidi likazwe sana ndipo lishike, na hapo ndipo kilio kinapoanza. Ncha zake huchovywa kwenye maji ya moto ili zitulie, na mtoto anayegeuka ghafla anaungua mgongo. Na watoto hutafuna ncha za rasta. Mtazame wako akiwa anaangalia katuni. Mwaka 2025 shirika la Consumer Reports la Marekani lilipima aina 10 za nywele za bandia za kusukia, likakuta kemikali zinazohusishwa na saratani katika zote, na madini ya risasi katika 9. Mtu mzima anaweza kupima mwenyewe na kuamua. Mtoto wa miaka sita anaamuliwa na sisi.

Sasa tuje kwenye raha yenyewe. Hapa mjini mtu akisema mtindo, mara nyingi anamaanisha kilichoongezwa: rasta mpaka kiunoni, rangi tatu, shanga zinazogongana. Kwenye kichwa cha mtoto mimi natafuta mgawanyo. Ile mistari ya ngozi inayobaki wazi kati ya njia na njia ndiyo mchoro wenyewe. Nywele zilizosukwa zinaujaza tu. Kichwa cha mtoto ni kidogo, hivyo mchoro mzima unaonekana kwa mara moja, na mstari uliopasuliwa vizuri kwa mkia wa kitana unasomeka kutoka upande wa pili wa ukumbi. Mstari hauna uzito na hauvuti. Kwa msusi anayejua kuchora, urefu wa kidole cha kati unatosha na kubaki.

Kuna kanuni moja inayotenganisha kazi nzuri na ya kubahatisha: kichwa kizima kichorwe kwanza, ndipo kisukwe. Wasusi wengi hupasua njia moja, wakaisuka, wakapasua ya pili, wakaisuka. Wakifika sikio la pili mistari imeshahama, upande mmoja una njia nne na mwingine tatu na nusu. Pasua mstari, bana fungu kwa kibanio, pasua mwingine, bana, mpaka umalize. Kisha simama nyuma ya mtoto, muweke mbele ya kioo, tazama pande zote mbili. Mstari uliopinda vibaya unaurekebisha sasa kwa sekunde kumi. Baada ya kusuka, kuurekebisha ni kufumua, na kufumua ni kumvuta tena.

Mchoro ninaoupenda kuliko yote kwa umri huo ni mawimbi. Ni njia za kurudi nyuma kama kawaida, ila kila mstari unapinda kulia, kushoto, kulia, mpaka shingoni. Pasua wimbi la kwanza karibu na katikati ya kichwa, kwa sababu mengine yote yatalifuata. Likiwa jembamba hapa na pana pale, kichwa kizima kitakuwa hivyo. Mikunjo mitatu inatosha kutoka mbele hadi nyuma. Ukiweka sita inakuwa michirizi ya kuchanganya macho. Acha upana wa vidole vyako viwili kati ya mstari na mstari, upate njia sita au saba kwa kichwa chote. Njia zikiwa nyingi na nyembamba mchoro unapotea, na mtoto anakaa muda mrefu bila sababu.

Kwenye mkunjo ndipo msusi anapojulikana. Mkono usukao lazima ufuate mkunjo, ukae karibu na ngozi na kuelekea kule njia inakokwenda. Msusi akivuta moja kwa moja kuelekea kwake huku njia inapinda, nywele za upande wa nje wa mkunjo ndizo zinazobeba nguvu yote, na hapo utasikia "mama!" Kama unasuka mwenyewe nyumbani, kila unapofika kwenye mkunjo sogea wewe, au mgeuze mtoto kichwa taratibu, mikono yako isivute kwa pembeni. Mapindo yakipita chini ya fungu la katikati njia inasimama, yakipita juu inalala. Kwa mawimbi nataka isimame, maana kivuli chake kinaufanya mstari uonekane zaidi.

Mchoro wa pili ni jua. Njia zote zinaanzia utosini na kushuka pande zote, mbele, masikioni na kisogoni, zikiishia kwenye visuko vifupi vinavyoning'inia. Mwanzo wa njia ndio unaokazwa kuliko sehemu nyingine yoyote, na huku mwanzo uko utosini, kwenye nywele imara. Nywele za panja zinaokotwa mwishoni kabisa, mkono ukiwa umelegea. Kwa mtoto mwenye pembeni dhaifu ni mtindo wa kumpumzisha. Ila si njia za kurudi nyuma, kwa hiyo shuleni hautapita. Uweke kwa ajili ya likizo. Kiini cha jua si lazima kiwe katikati. Kikisogezwa juu ya sikio moja, vidole vitatu kutoka kwenye sikio, miale inatambaa kichwani kwa mshazari na mtoto anapendeza mno akigeuka.

Moyo unaombwa sana na watoto wenyewe, na wengi wanaukosea kwa kuanza na mabega ya moyo. Anza na ncha ya chini. Pasua kwanza herufi V pana juu ya sikio au kisogoni, kisha unganisha juu kwa matao mawili yanayokutana kwenye kishimo cha katikati. Suka njia mbili nyembamba kuzunguka ukingo, zote zikianzia kwenye kile kishimo, moja kulia na moja kushoto, zikutane kwenye ncha na kuwa suko moja. Ndani ya moyo acha nywele zake zenyewe, uzichambue kwa vidole zifutuke. Njia nyingine za kichwa zije mpaka ukingoni mwa moyo na kuishia hapo. Moyo mmoja unatosha kwa kichwa kimoja.

Ipo pia miraba inayobanwa kwa rababendi ndogo, kila fungu likiunganishwa na la nyuma yake mpaka kichwa kinakuwa kama wavu. Inafanyika haraka, na mtoto asiyetulia anaimudu. Lakini zile rababendi za plastiki hukata nywele. Zitumike kwa siku mbili tatu, na wakati wa kuzitoa zikatwe kwa kimkasi kidogo, zisivutwe kamwe.

Kisha kuna uzi, na hapa naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu uzi mweusi wa kusukia bado unauzwa, Kariakoo na hata kwenye maduka ya mitaani kwenu Tabata, lakini mama wa umri wako wengi wanauona ni mambo ya kijijini. Wanajinyima. Uzi ni mwepesi mno. Unazinyoosha nywele za kipilipili bila moto wala dawa, mtoto akifumuliwa baada ya siku chache nywele zake zimerefuka bila kuunguzwa. Na suko lililozungushiwa uzi lina tabia ambayo rasta haina: linakaa unavyolikunja. Unaweza kulisimamisha kama pembe, kulipinda likawa tao, kuunganisha ncha za masuko mawili yanayotazamana ukapata mlango, na kupanga milango mitano kutoka sikio hadi sikio ukapata taji. Kichwa hicho kinafanywa na nywele zake tu na mkono mmoja wa uzi.

Namna yake ni hii. Gawa miraba. Kwenye shina zungusha uzi mara mbili tatu bila kukaza, uone ngozi haijanyanyuka. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanakaza shina ili suko lisimame, wakati kinachosimamisha suko ni mizunguko ya katikati. Ukishapanda nusu sentimita ndipo ukaze kidogo, uzi ukipanda kwa kuachana kidogo au kwa kubanana, upendavyo, mpaka karibu na ncha, kisha rudisha mizunguko miwili chini na ufunge. Ukitaka rangi, chukua uzi wa kufumia vitambaa wa rangi ya harusi uuzungushe juu ya ule mweusi kwa kuachana. Usitumie huo wa kufumia peke yake kwenye kichwa kizima. Unanyonya jasho, na kwa unyevu wa Dar haukauki upesi, ngozi inabaki mbichi na kuwasha.

Mpigapicha wa Nigeria J. D. 'Okhai Ojeikere alianza mwaka 1968 kupiga picha mitindo ya nywele za wanawake wa nchi yake, akafikisha karibu picha 1,000, na nyingi alizipiga kutoka nyuma au ubavuni. Humo kuna kazi za uzi zilizojengwa kama majengo, matao juu ya matao. Ukizipata kwenye simu mwonyeshe binti yako, mwache achague. Mtoto aliyechagua mwenyewe anakaa vizuri zaidi kwenye kigoda. Na wewe siku ya harusi mwambie mpigapicha wenu apige kisogo pia. Kwenye mchoro wa nywele kisogo ndicho chenye kazi kubwa.

Sasa harusi yako. Una tatizo la Jumatatu, na hutaki kumsuka mtoto mara mbili ndani ya siku nne, maana pembeni hapatapata nafasi ya kupumua. Kwa hiyo msuke msingi utakaodumu, na pambo litakaloondoka. Msingi ni yale mawimbi, njia sita au saba za kurudi nyuma, nywele zake tupu. Mwalimu wa darasa mwonyeshe picha mapema, umuulize kama njia za kupinda zinaruhusiwa. Akikataa, pasua mistari iliyonyooka lakini ubadilishe unene, nene, nyembamba, nene, nyembamba, bado itakuwa tofauti na twende kilioni. Kila njia ianze nyuma ya ukingo wa nywele, upana wa kidole kimoja ndani, na ianze kwa vinywele vichache sana, msusi akiongeza kidogo kidogo kila pindo. Zile za mbele na za panja zilizobaki nje zipakwe mafuta kidogo na kulazwa kwa brashi laini ya mtoto. Hazitachafua mtindo. Zinaulainisha uso wake.

Ncha zote zikutane kisogoni, chini, katika kifundo kidogo kilicholegea. Pambo liwe hapo. Kama jirani ana mwasumini, chuma asubuhi ya harusi maua yaliyokaribia kufunguka, utunge kwenye uzi na kuyazungusha kwenye kifundo kwa raundi mbili. Yawekwe saa moja kabla ya kutoka nyumbani, si mapema zaidi, maana kwa joto letu asumini hulegea upesi. Pini ipite ndani ya suko, isiguse ngozi. Hakuna asumini? Chukua utepe mwembamba wa rangi ya sare yenu, uupenyeze kwenye njia mbili za katikati kwa sindano butu ya kufumia, chini ya pindo na juu ya pindo, mpaka kwenye kifundo. Jumapili jioni unavuta utepe, unatoa maua, na Jumatatu mtoto anaingia darasani akiwa na njia za kurudi nyuma kama sheria inavyotaka.

Ukitaka shanga, ziwe tatu au nne kwa suko, nyepesi, na kwa masuko ya nyuma tu, hivyo siku hiyo usifunge kifundo. Zinazoning'inia mbele humpiga machoni anapokimbia. Kuzivisha ni rahisi: kunja uzi mara mbili, pitisha kitanzi ndani ya shanga zote, ingiza ncha ya suko kwenye kitanzi, kisha sukuma shanga zipande juu ya suko. Funga chini kwa rababendi. Siku ya kutoa, paka mafuta kwenye rababendi, iache dakika chache ilegee, kisha ikate.

Ratiba yangu kwako ni hii. Jumatano jioni mwoshe. Chambua nywele zikiwa na maji na kilainishi, vidole kwanza, kisha kitana cha meno mapana, ukianzia ncha na kupanda taratibu kuelekea shina. Gawa mafungu manane, uyasuke kwa kulegea, alale nayo. Asubuhi nywele zimenyooka bila draya. Asisukwe zikiwa mbichi. Nywele zikiwa na maji hurefuka na zikikauka hurudi, kwa hiyo njia iliyokuwa sawa jioni inakuwa imekaza usiku wa manane. Alhamisi jioni asukwe. Ijumaa ngozi inatulia, Jumamosi njia zimelala vizuri na bado mpya.

Kama utampeleka kwa msusi, nenda saa ambazo hapana watu. Pale penye wasusi wengi, kama Mwenge, ni kawaida wawili au watatu kukusanyika kwenye kichwa kimoja wamalize haraka, na kwa mtu mzima ni sawa. Kwa mtoto kataa. Mikono miwili ikivuta pande mbili hawezi kumfuata yeyote, shingo inakakamaa. Msusi mmoja, kichwa kimoja, na mapumziko ya dakika tano kila baada ya dakika ishirini, anywe maji, ainuke. Chukua kitana chako na taulo lako. Mapunye hupita kwa urahisi kwenye vitana vya saluni, na ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika chini kabisa, usimsuke, mpeleke kituo cha afya. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kunywa, ya kupaka peke yake haifiki kwenye shina.

Mwambie msusi kabla hajaanza, kwa heshima lakini bila kuzunguka: "Dada, huyu pembeni pana shida, naomba ulegeze, nitakulipa vile vile hata njia zisipodumu." Hilo la malipo litamke, kwa sababu wasusi wengi hukaza wakihofia mteja atarudi kulalamika kwamba nywele zimefumuka baada ya wiki. Njia ya mtoto inatakiwa idumu siku saba hadi kumi, basi. Baada ya njia mbili za kwanza msimamishe, umwambie mtoto apandishe nyusi na kufumba macho kwa nguvu. Kama ngozi ya paji inavutika, au kuna vinundu vyeupe kwenye mashina, au huwezi kuisogeza njia kidogo kwa ncha ya kidole, fumueni hizo mbili muanze upya. Wapo mama wanaompa mtoto Panadol baada ya kusukwa. Njia inayohitaji Panadol inahitaji kufumuliwa, usiku huo huo.

Kulala, kofia ya satini au kipande cha satini kichwani. Khanga ya pamba inakwaruza na kunyonya mafuta. Mafuta yenyewe, ya nazi, tone kwenye ncha za vidole kila baada ya siku mbili, kwenye mistari. Mafuta ya mgando mengi na vumbi la barabarani ni uchafu tu. Mkienda Coco Beach au Kigamboni Jumapili, mwagia maji baridi yasiyo na chumvi kabla ya kurudi nyumbani. Siku ya kufumua utaona nywele nyingi zimetoka mkononi, usishtuke: nywele 50 hadi 100 hutoka zenyewe kila siku, na zilikuwa zimeshikwa ndani ya njia zikikusubiri. Cha kuangalia ni nywele fupi zilizokatika katikati, na pale pembeni. Baada ya hapo mwache wiki moja bila kusukwa, afro yake au masuko manne makubwa. Ukimpa pembeni nafasi, nywele huota karibu sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo piga picha leo ya kila upande, upige nyingine baada ya miezi mitatu, ulinganishe. Kama pembeni pamezidi kuwa wazi badala ya kujaa, daktari wa ngozi amwone.

Na yule mdogo asiyetimiza miwili: njia bado. Utosi ndio kwanza umefunga au unafunga, nywele ni laini, na hawezi kukueleza kwamba panauma. Mfanyie mafungu mawili au manne yaliyosukwa kwa kulegea kuanzia sentimita moja juu ya ngozi, au usisuke kabisa. Shanga na vibanio vidogo usimwekee, vitaishia mdomoni. Mkatie kipande cha utepe ule ule wa dada yake, ukishone kwenye kitambaa laini cha kuzungusha kichwani, akivae wakati dada yake anasukwa, mbele ya kioo kile kile. Afungwe utepe kwanza, kabla dada yake hajakaa kwenye kigoda.